Nilivyoenda Nchiru Kumkanya Lekchara wa Nyani

Chekeni kwanza mmalize, ndiyo niwaambie vizuri, kwa sababu najua hii hadithi mmeisikia sokoni vipande vipande na kila mtu ameitia chumvi yake. Kuna mwenye anasema nilimpiga mtu na Biblia (sikumpiga, nilimwonyesha tu kwa karibu), kuna mwenye anasema nilitolewa nje na askari wa chuo, na ukweli ni kwamba aibu yenyewe haikuhitaji chumvi ya mtu, ilikuwa imeiva vizuri vile ilivyokuwa.

Mnanijua, mimi ni fundi wa nguo hapa Mikinduri, nashona sare za shule na za kwaya, na msichana wangu Kawira anasomea ualimu wa bayolojia kule chuo kikuu cha Nchiru. Sasa likizo ile ya Agosti alikuwa nyumbani, mimi niko kwa cherehani napinda mikono ya shati, yeye yuko mlangoni anaongea kwa simu na mwenzake wa chuo, na ninasikia anamweleza kwamba binadamu na sokwe walitoka kwa babu mmoja, anaeleza taratibu vile mtu anaeleza njia ya kwenda posho mill kusaga unga. Cherehani ilisimama. Nilingoja amalize, nikamuuliza, "Kawira, hayo ni ya mtihani ama unayaamini?"

Akasema, "Naamini, Mama."

Akaenda kuangalia githeri jikoni kama mtu ambaye hajasema kitu. Lakini mimi lile neno "naamini" liliniingia kama sindano, kwa sababu katika nyumba yangu hilo neno tunalitumia kwa Mungu peke yake. Sikumuuliza lingine. Nilinyamaza mpaka akarudi chuo, na nilipomweleza Mama Koome, jirani yangu (mnamjua, ukimwambia siri ya asubuhi, saa sita imefika Tigania yote), kikundi chetu cha maombi kikakaa, kikafunga, kikaamua kwamba huyo lekchara anayewafundisha watoto mambo ya nyani lazima akanywe uso kwa uso, na mwenye kumkanya ni mzazi. Mchungaji akaniwekea mikono kichwani mbele ya kanisa lote. Basi hapo ungerudi nyuma aje?

Na sasa sikieni uamuzi mdogo ulioniua. Simu nilikuwa nayo mkononi, ningempigia Kawira nimuulize, "Lekchara wako anaitwa nani na anafundishia wapi?" Dakika moja tu. Lakini nikasema, nikimpigia atanizuia, afadhali nimshtukize. Nikavaa suti ya bluu ya kikundi na kitambaa cheupe kichwani, nikachukua Biblia ile kubwa, na nilipofika kwa geti nikavua miwani nikaiweka kwa mfuko, kwa sababu miwani yangu imefungwa na uzi wa kushonea, na mtu hawezi kukemea msomi akiwa amefunga macho na uzi.

Nikazunguka huko ndani nikitafuta. Niliona ukumbi mmoja mlango uko wazi, na karatasi imebandikwa na herufi kubwa hata mtu bila miwani anaona: BINADAMU NA NYANI. Chini yake kulikuwa na maandishi mengine madogo madogo. Sikuyasoma. Nilisema moyoni, Bwana amenifungulia mlango, nikaingia.

Ndani kumejaa watu, na mbele kuna kijana amevaa nguo za kijani, nyuma yake amebandika picha ya nyani dume mkubwa, meno yote nje. Nikajua ni huyo. Nikashangaa kidogo kuona kwamba wanafunzi wengi ni wazee na wengine wamevaa gambuti za shamba, lakini nikasema, siku hizi hata watu wazima wanarudi shule.

"Bwana asifiwe!" nikapaaza sauti kutoka mlangoni.

"Ameni!" Ukumbi mzima. Hiyo ilinipa nguvu, sikutegemea.

"Nimetoka Mikinduri kuja kusema neno moja. Nyani si ndugu yetu!"

Makofi! Nawaambia watu walipiga makofi mpaka nikaogopa. Mzee mmoja mwenye kofia ya manyoya akasimama akasema, "Sema tena mama, huyu kijana asikie!"

"Nyani si ndugu yetu, hajawahi kuwa, na hatatuambia mtu tukae naye kama ndugu! Wametunyang'anya watoto wetu!"

"Na mahindi!" akasema yule mzee.

Mimi nikafikiri anaongea kwa mifano, mbegu iliyoanguka njiani ikaliwa na ndege, si mnajua. Nikasema, "Na mahindi, ameni!"

"Na ndizi!" mama mwingine akaitikia. "Na viazi, wanachimbua usiku wa mvua!" Hapo kwa viazi nilipaswa kusimama nijiulize, lakini roho ilikuwa imeshapanda na mdomo ulikuwa mbele ya akili. Nikatembea mpaka mbele, nikamwinulia yule kijana Biblia karibu na pua.

"Na wewe! Wewe ndiye unawaleta kwetu! Nani alikupa ruhusa?"

"Mwambie!" wakapiga kelele. Kijana alikuwa anatoka jasho. "Mama, tafadhali," akasema, "sisi hatuwaleti, wanatoka msituni wenyewe. Idara ya wanyamapori imenituma nisikilize malalamiko ya wakulima, keti tu, zamu yako itafika."

Kulikuwa na mwanamke anaandika kila kitu kinachosemwa. Akainua kalamu akaniuliza kwa heshima sana, "Mama, kwako nyani wameharibu nini?"

"Imani ya mtoto wangu!" nikasema.

Akaandika, kisha akasimamisha kalamu. "Imani," akasema. "Hiyo ni ile mbegu mpya ya maharagwe?"

Ndugu zangu, kuna kicheko cha kukucheka na kuna kicheko cha watu wenye bado hawajajua kama wanakucheka, na hicho cha pili ndicho kibaya. Nilitoa miwani kwa mfuko, nikaivaa na uzi wake, nikaangalia ile picha ya nyani vizuri. Chini yake kulikuwa na gunzi la hindi lililotafunwa. Halafu nikasikia sauti nyuma, sauti ambayo nimeisikia tangu ilipoanza kulia duniani.

"Mama?"

Kawira. Amebeba chupa ya chai, yeye na wanafunzi wenzake ndio walikuwa wanahudumia mkutano, na wenzake wote wameniangalia, kisha wakamwangalia yeye. Nilitamani simenti ipasuke. Na hapo, kwa safu ya mbele, akasimama mwanamume wa makamo mwenye sweta ya kahawia, akasema bila kucheka, "Wakulima, endeleeni. Mama hajakosea sana. Nafikiri ananitafuta mimi."

Alikuwa Daktari Njeru, mtu wa Embu, lekchara wa Kawira. Yeye husoma tabia za nyani na ndiye aliitwa kuwashauri wakulima. Akatupeleka nje kwa benchi, Kawira akamimina chai. "Mama, si ungenipigia tu?" akasema kwa sauti ya chini. "Wasee wote wa darasa letu sasa wanajua wewe ni mathe wangu."

Mtu mwingine angeomba msamaha aende nyumbani. Mimi nilisema, aibu nimeshapata, nikirudi bila kusema nitakuwa nimeipata bure. Nikamwambia, "Daktari, nimekosea mlango lakini sikukosea neno. Nilikuja kukukanya na nitakukanya."

"Nikanye, mama," akasema. "Lakini niambie kwanza, hili jambo linakuumiza wapi?"

Hilo sikuwa nimejitayarishia. Nilikuwa na mistari ya Mwanzo tayari kichwani, yote ikatoweka, nikajipata naongea kuhusu Mwenda. Kawira alijua tu kwamba kulikuwa na kaka aliyekufa kabla yeye hajazaliwa, sikuwahi kumweleza zaidi. Homa ilimchukua akiwa bado hajaanza shule. Siku ya kumzika nilikuwa nimekataa kutoka pale kwa kaburi, watu wananivuta na mimi nakataa, mpaka mchungaji wa wakati ule akanishika bega akasema, mama, Mungu alimfinyanga huyu mtoto kwa mikono yake, na hiyo mikono haijamwangusha. Ndiyo nikatoka. Hayo maneno tu.

"Sasa wewe ukimwambia Kawira mtu ni mnyama aliyebadilika," nikasema, "mimi nasikia unaniambia kwamba nilimzika Mwenda vile watu huzika mbuzi."

Daktari aliweka kikombe chini. "Pole sana, mama," akasema. Kisha akaniambia kwamba hata baba yake alikataa haya mambo mpaka akafa, na kwamba hakumlaumu. Baba yake alikuwa mfanyakazi kwa shamba la mzungu kabla ya uhuru, na huyo mzungu alikuwa akimwita nyani, akimwonyesha picha kwa kitabu kwamba Mwafrika bado yuko karibu na msitu. "Kwa hivyo mimi nilipomletea hiyo habari kutoka chuo, yeye hakusikia sayansi. Alisikia yule bwana tena. Na yule bwana alidanganya, mama. Watu wote, mweusi na mweupe, ni wa umri mmoja katika hii familia."

"Lakini wewe unaiamini."

"Hebu nikuulize. Kimeru kilitoka kwa Kiembu?"

"Aka, hapana!" nikasema. Nilishtuka kabisa.

"Basi Kiembu kilitoka kwa Kimeru."

"Hayo utajua wewe."

"Lakini ukiongea Kimeru mimi nasikia. Kwa nini?" Akangoja. Sikutaka kujibu lakini jibu lilikuwa wazi, kwamba zamani watu walikuwa wanaongea lugha moja, wakaachana, hawa wakaenda huku na hawa kule, polepole. "Basi," akasema, "hakuna mtu anayesema nyani alizaa mtu. Tunasema kulikuwa na wa kale, si nyani huyu na si mtu huyu, na vizazi vyake viliachana. Nikiangalia mifupa naona hivyo, siwezi kudanganya macho yangu. Lakini ni nani aliyeianzisha hiyo safari na kwa nini, mifupa hainiambii. Hayo naambiwa kanisani."

"Kanisani?" Chai ilitaka kunipalia. "Wewe unaenda kanisani?"

"Mimi ni mzee wa kanisa kule Embu."

"Na wenzako wa kanisa wanajua unayofundisha?"

"Wengine wanajua. Wengine hawataki kujua. Mmoja aliniombea nitolewe pepo, na tunakaa naye benchi moja."

Nilitaka kucheka nikajizuia, sikuwa nimekuja kucheka. Nikamgeukia Kawira, alikuwa analia bila sauti, na nadhani ni kwa ajili ya kaka yake. Akasema, "Mama, niliposema naamini ulinyamaza tu. Hukuniuliza kitu kingine, ukaenda kwa kikundi."

"Sasa nakuuliza," nikasema. "Mwenda yuko wapi?"

"Yuko kwa Mungu, Mama." Akanijibu haraka, kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Sijawahi kufikiria vingine."

Nilimshika mkono. Na Daktari (ana adabu, huyo mtu) akajifanya anaangalia magari.

Mngefikiri aibu imeisha. Tulipopita mlangoni ukumbini, yule mzee wa kofia akatoka mbio akinipungia: walikuwa wamenichagua mwenyekiti wa kamati ya kupambana na nyani! Nikamwambia baba, mimi nakaa nyumba ya kupanga, sina hata shina moja la hindi. Akasema hiyo si neno, mahindi wao wanayo, waliyekosa ni mtu wa kuongea. Kawira alicheka mpaka akaketi chini. Na kwa sababu mimi nikianza jambo siachi, nilikubali, na Alhamisi hii tuna mkutano na chifu.

Jumapili ikafika. Mchungaji akaniita mbele nitoe ushuhuda vile nilivyomnyamazisha msomi. Kanisa limejaa, Mama Koome amekaa mbele kabisa amekunja mikono. Ningeweza kudanganya, nani angejua? Lakini niliyasema yote, mahindi, maharagwe ya imani, kila kitu, na walicheka mpaka mchungaji akajificha nyuma ya kitambaa chake cha mkono.

Kisha Mama Koome akauliza pale pale, "Kwa hivyo Kawira anaamini ama haamini?"

"Anaamini," nikasema. "Mungu na hayo mengine, yote pamoja."

"Na wewe?"

"Mimi nimebaki na Adamu wangu, ananitosha. Lakini asiniambie mtu tena kwamba msichana wangu amepotea, kwa sababu nilimuuliza na akanijibu."

Mchungaji akatoa wimbo, na sijui kama alikubaliana na mimi, bado hajasema.

Na mimi nimeapa. Sitafungua mdomo tena mbele ya watu kabla sijauliza, "Samahani, hapa mnaongea kuhusu nini?" Juzi niliuliza hivyo kwa matanga ya watu, na waliniangalia vibaya sana. Niliomba radhi, nikaketi. Lakini nitauliza tena.