Joto Chini ya Koti

Dada yangu mdogo alijifungulia Bunia kabla ya miezi kutimia, siku chache baada ya kukimbia Fataki kwa miguu. Mtoto alikuwa mwepesi kama kuku aliyenyonyolewa. Mimi nilikuwa nimetoka machimbo ya dhahabu, napita tu kuelekea Aru. Sikuwa mtu wa kukaa mahali hadi viatu vikauke.

Kuvezi, lile sanduku la kuwatia joto watoto kama huyu, lilikuwa kwenye hospitali kubwa, na umeme ulikuwa umekatika. Dada alitetemeka kwa homa. Mkunga wa kituo cha afya alikojifungulia akanigeukia.

“Mujomba, vua shati.”

“Miye?”

“Umeme hakuna. Kuvezi ya leo ni weye.”

Akamlaza mtoto kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, miguu imekunjwa kama ya chura, akatufunga kwa kitenge, akamvika soksi yangu kichwani. Nikauliza mbona halii.

“Hana nguvu ya kulia. Baridi ikimuingia, atasahau kupumua. Usimutoe, hata nani akuombe.”

Risasi zikaanza upande wa soko. Watu walikimbilia misheni, nasi pia. Dada nikampakia kwenye baiskeli yangu, nikasukuma kwa mkono mmoja. Wa pili ulishikilia koti nililomfunika mtoto kifuani, na hapo nilikosea. Ituri nzima inajua nani hutembea hivyo: mchimbaji aliyeficha dhahabu.

Kwenye kizuizi, askari akainuka.

“Mukubwa, unatoka ku machimbo. Toa ile iko mu koti.”

“Iko mutoto, shefu.”

Wenzake wakacheka. “Mutoto ya dhahabu! Hata miye niko nataka kuzaa ya vile!”

Mtutu ukagusa kifungo cha koti. Manyunyu yalikuwa yakianguka. Nikifungua, baridi itaingia. Nikikataa, watafungua wao. Nilisikia moyo ukidunda, nisijue ni wangu au wake.

“Ingiza mukono, shefu. Koti tusifungue.”

Akapitisha vidole shingoni mwa koti. Vilikuwa baridi kama bunduki yenyewe. Mtoto akashtuka, akatoa sauti nyembamba kama ya kitoto cha paka. Askari akavuta mkono kana kwamba ameungua.

“Funga,” akasema. “Funga mpaka juu.”

Kamba ya kizuizi ikashushwa. Dada, nyuma ya baiskeli, akanong'ona: “Yaya, kaka yangu, amelia?”

“Amelia.”

“Basi sukuma.”

Nikasukuma. Kisha nikakaa kwenye kona ya misheni, mimi nisiyejua kukaa, koti limefungwa. Aru ilisubiri hadi mtoto aliponenepa, akaijaza ngozi yake.