Saa ya Mkubwa

Pale hospitalini walimwita Mama Nakala, na jina lilimfaa. Ufunguo mmoja wa nyumba alikuwa na nakala zake nne. Vyeti vya wanawe alivitoa kopi, kisha zile kopi nazo akazitoa kopi, na wanawe wakamcheka waziwazi. Miaka kumi na moja alilinda chumba cha seva, kisicho na dirisha, chenye baridi mwaka mzima, ambako mashine tatu zilitunza kila alichoandika daktari: mgonjwa gani, dawa gani, saa ngapi.

Mashine hizo alizipa majina ya nyumbani: Mkubwa, Wa Kati na Kitindamimba. Neno likiandikwa kwa mmoja, mara hiyo linafika kwa wenzake. Mmoja akiugua, wawili wanashika kazi. Wakizimika wote ndipo pana shughuli, maana wa kwanza kuamshwa ndiye anayeaminiwa, na wenzake hufuta ya kwao wakafuata yake. Kwa hiyo huamshwa kwanza aliyezimika mwisho, kwa kuwa ndiye aliyeona mengi. Hilo Mama Nakala alilijua hata usingizini.

Siku hiyo kiyoyozi kilikufa asubuhi. Alikuwa bado anamtafuta fundi, saa nne kamili, mdogo wake alipompigia simu kutoka wodi ya sita, alikolazwa mama yao.

"Dada, daktari kapita sasa hivi. Ile sindano ya saa sita kaifuta. Anasema ndiyo iliyomvimbisha mama koo jana, na akichomwa tena hatutamuwahi."

"Kaiandika kwenye kompyuta?"

"Mbele ya macho yangu."

"Basi nenda nyumbani ukalale, umekesha. Kompyuta haisahau."

Alipofika chumbani na fundi, joto lilimpiga usoni na taa zote za mashine zilikuwa zimekufa.

Hadi kiyoyozi kinapona na chumba kinapoa, ilikuwa saa tano na nusu. Mkuu wa hospitali alisimama mlangoni, shati limemganda mgongoni.

"Mama, wauguzi wamekaa tu. Dawa za mchana zinatolewa saa sita."

"Nipe saa moja, mkuu. Kwanza nitoe nakala ya kila mmoja kama alivyo, ndipo nimguse."

"Saa nzima? Kwani nakala za alfajiri hazipo?"

"Zipo, lakini..."

"Basi amsha, mama. Watu wanaumwa."

Siku nyingine angebishana naye mpaka achoke. Lakini na yeye alikuwa na mgonjwa wake huko, moyo ulikuwa juujuu, akakubali. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja.

Kila mashine ilikuwa imejiandikia saa iliyozimika, akazisoma. Wa Kati na Kitindamimba, saa nne na dakika kumi. Mkubwa, saa nne na dakika ishirini.

"Mkubwa ndiye wa mwisho," alisema, akamwamsha. Wenzake wakaamka nyuma yake, wakanakili, taa zikawa kijani moja baada ya nyingine. Mkuu akapiga makofi, akaondoka zake.

Mama Nakala akachukua daftari ajaze saa ya kazi kuisha. Saa ya mkononi ilisema saa sita kasoro dakika tano. Kwenye kioo cha Mkubwa ilikuwa saa sita na dakika ishirini na tano.

Tangu abadilishiwe betri mwaka jana, Mkubwa alikuwa mbele kwa nusu saa. Ofisi nzima ilijua. "Anawahi uzee," walikuwa wakisema, wakicheka, na hakuna aliyemrekebisha, hata Mama Nakala mwenyewe. Mkubwa hakuzimika saa nne na ishirini. Alizimika saa nne kasoro dakika kumi, kabla daktari hajafika kwa mama yake, na wenzake walikuwa wameshafuta walichokijua ili wafanane naye. Nakala za alfajiri hazikuwa nacho pia.

Alikimbia. Wodi ya sita, muuguzi alikuwa ameshaufuta kwa pamba mkono wa mama yake aliyelala, sindano iko tayari.

"Usimchome!"

"Mama Nakala, vipi? Kompyuta inasema apewe."

"Inasema uongo. Nimeiamsha vibaya." Akakaa pembeni ya kitanda, akaushika mkono wa mama yake kwa mikono yote miwili. "Walichoandika madaktari kabla mashine hazijazimika, dakika ishirini nzima, hakipo."

Muuguzi akaiweka sindano kwenye sinia, polepole. "Si ndio wakati wanazunguka wodi?"

Mama Nakala aliinuka akaenda kwenye simu ya ukutani. Hospitali ilikuwa na wodi kumi na moja, akaanza na ya kwanza. Simu iliita muda mrefu bila kupokelewa, kwa sababu wauguzi wote wa huko walikuwa wakigawa dawa.