Kiti Nilichokipima kwa Mgongo Wangu

Nakumbuka siku wageni wa wilayani walipokuja kijijini kwetu Soga, na naikumbuka vizuri kuliko ninavyopenda.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa. Nilikuwa seremala kijana, nimejifunza mwenyewe kwa kufumua viti vibovu na kuviunga upya. Mama alikuwa anaumwa nyonga. Akikaa kwenye kigoda, hainuki bila kushikwa mkono. Nikamtengenezea kiti ambacho pale kwetu hakuna aliyewahi kukiona: fremu ya mninga, egemeo limelala kidogo, na mahali pa kukalia nimesuka vipande vya tyubu ya lori kama kitanda cha kamba. Nilikijaribu siku tatu. Nilikaa, nikainuka, nikalaza egemeo zaidi, nikakaa tena, mpaka mgongo wangu ukaridhika.

Mgongo wangu, mwanangu. Mimi ni mrefu; mama alinifika kifuani.

Wageni walipofika nikamkalisha mama kwenye kiti hicho mbele yao. Jirani yetu, Mzee Shomari, akapaza sauti, "Leo Bi Zuhura kawa bwana shauri! Tupangeni foleni ya mashtaka!" Watu wakacheka. Mgeni mmoja akamwuliza mama anajisikiaje.

"Raha tupu, baba," akajibu.

Tangu hapo kila aliyepita nilimwonyesha kiti, na kila mara mama alikipanda. Nilijiona mtu.

Mwezi wa nne baada ya ugeni ule akaja shangazi yangu kutoka Vihingo. Niliporudi kazini nilimkuta ameshinda na mama; nikamwamkia, naye akakinyooshea kiti kidole.

"Ulimpima nani ulipotengeneza dude hili?"

"Nilijipima mwenyewe, shangazi."

"Basi kakae wewe! Mwenzio miguu inaning'inia, haigusi chini. Ukitoka tu anashuka, anakaa sakafuni. Njoo uone."

Akapandisha khanga ya mama kidogo. Nyuma ya magoti, pale ukingo wa mbao ulipobana, palikuwa na vidonda viwili.

Nikamwuliza mama kwa nini hakusema.

"Ulikuwa na furaha sana, baba. Ningeanzaje?"

Jioni ile ile nilikata miguu ya kiti, inchi nne. Kazi ya nusu saa. Kidonda cha kulia kikafunga. Cha kushoto hakikufunga. Mama hakurudi shamba tena, na miaka miwili baadaye tulimzika na kidonda kile.

Nakuusia, mwanangu: chochote utakachomtengenezea mtu, mpime yeye. Usimwulize mbele za watu kama amekipenda, maana hapo atakujibu unachotaka kusikia. Mwulize mkiwa wawili, na umwulize ni wapi panapomwuma, usimwulize kama panamwuma. Mteja atakurudishia kitu kibovu kesho yake. Anayekupenda atakivumilia, nawe usije ukadhani ukimya wake ni sifa. Mimi nilidhani hivyo.

Mungu akupe watu wenye ujasiri wa kukwambia unawaumiza, na akujalie kuwasikia wangali hai. Amina.