Fundi wa instant shower akikwambia "oga na slippers", mtoe kwa nyumba

Wakuu, poleni na baridi. Hii nimeandika nikafuta mara kadhaa nikiogopa mtanicheka. Chekeni tu, lakini ni ukweli mtupu, na pale mimi nilikosea nitasema.

Naishi upande wa Kapseret. Wenye wanajua asubuhi ya huku wanajua.

Mamangu alikuwa anatoka Cheptiret kuja kukaa na sisi ndio aende clinic ya magoti. Nikaona si haki mama mzee aoge na karai na nyumba iko na stima. Nikaenda mjini kununua instant shower, ile ya stima inapasha maji yakipita.

Msichana wa duka aliniuliza vizuri, "Maji yenu ni ya chumvi?" Sisi tunatumia borehole. Nikamwambia hayo maji nakunywa kila siku, hayana chumvi. Akanipatia ile ya maji ya kawaida. Huyo simlaumu.

Sasa fundi. Jina siweki, mtu ana familia. Na kusema haki, pipe alifunga safi, haijawahi kuvuja.

Lakini niliona waya ya kijani ameikata, akaikunja nyuma. Nikamuuliza. Akacheka kwanza.

"Boss, hiyo ni earth. Ni ya watu wa mahali kukavu. Hapa kwenu ground iko wet, earth iko kila mahali!"

Mimi shule niliachia njiani. Nikajiambia pengine ndio hivyo.

Kesho yake naguza tap, stima ikanipiga, mkono ukaruka. Nikampigia simu.

"Unaoga na nini?"

"Na sabuni."

"Nauliza miguuni, boss! Oga na slippers. Kila mtu anaoga na slippers."

Hapo ndio huwa nachoka na sisi, wakuu. Niliuliza majirani, nikidhani nitapata mtu ameshangaa. Wapi! Wa kwanza, slippers. Wa pili, slippers, na tap anafungua na kijiti cha kuni. Anakueleza akijivuna, kama amevumbua kitu. Plot nzima watu wazima wanavaa raba kwenda kupigana na maji, alafu wanaita hiyo maendeleo.

Na mimi nikanunua slippers. Zangu na za mama.

Mama akafika. Nikampa taulo, sabuni na slippers, nikamwambia asiguze tap bila hizo. Akaniangalia.

"Kwani naoga ama naenda sokoni?"

Akaziacha kwa mlango, zimepangwa vizuri. Mimi sikuona.

Nikasikia kishindo. Nikaita, "Mama!" Hakuna jibu. Nikakimbia kuzima main switch.

Ndio nikamsikia, polepole, kutoka ndani: "Hii kitu yako imenipiga teke."

Mungu ni mwema, ilikuwa mkono tu. Akatoka amejifunga leso, anafinya kiwiko. Nikaanza tena hadithi ya slippers.

"Wewe mtoto," akasema. "Ng'ombe ikipiga teke, tunafunga ng'ombe ama tunavalisha mkamuaji gumboots?"

Nikachukua simu.

Fundi nilipompigia alisema mama alikataa kufuata maagizo. Maagizo! Mtu amekata waya, alafu mgonjwa wa magoti ndiye mkaidi.

Nikatafuta mwingine, mwenye ana leseni. Akapigilia chuma kwa udongo nje ya nyumba, akaunga ile waya ya kijani ndio stima ikivuja iende chini, akaweka shower ya maji ya chumvi. Akasema maji ya borehole yanaweza kukosa ladha ya chumvi na bado yabebe stima. Hapo kosa ni langu, nilijibu na ulimi.

Kwa hivyo, wakuu: kama bafu yako inataka viatu, hiyo si bafu. Usiulize jirani, jirani pia ameshazoea kupigwa.

Mwenye yuko na slippers kwa mlango wa bafu sai, aseme hapa chini waya yake ya kijani iko wapi. Na kama kuna mahali nimedanganywa tena, mnirekebishe, mimi si fundi.

Mama bado haamini. Kila jioni anasimama kwa mlango wa bafu na taulo begani, anaita, "Mmefunga ng'ombe?"

Naingia kwanza mimi, miguu mitupu, naguza tap. Pengine hiyo nayo ni ujinga.

"Imefungwa, mama."

Ndio anaingia.