Njia Zote za Wekesa Zilipita Mwachipi

Kwa mwaka mzima nilimfuata Dancan Wekesa kila Jumapili bila kuelewa ananipeleka wapi. Nalisema hili mapema ili mtu asije akadhani nilikuwa na busara yoyote katika habari hii. Mimi ni Ghulam, nauza rangi na misumari Mji wa Kale. Daktari aliniambia sukari yangu imepanda, mke wangu Lamis akanitoa nyumbani na baiskeli ya mwanetu, nami nikawa na hasira nao wote wawili.

Wekesa ni fundi wa breki za mabehewa ya reli. Kwao ni Bungoma, ila yuko kisiwani tangu ujana wake na anakaa Makande. Ni mtu mrefu, mpole, maneno yake machache, na bega lake moja limeshuka kidogo kuliko la pili. Kikundi chetu cha baiskeli ni watu sita, saba siku ambayo Hajra amemshawishi mwalimu mwenzake wa Kizingo. Tunakutana saa kumi na mbili asubuhi mbele ya Ngome ya Yesu, kabla wauza vinyago hawajatandika vitu vyao. Mpanga njia ni Wekesa. Kila Ijumaa hututumia ramani kwa simu, imechorwa mstari mwekundu, na hakuna aliyewahi kuipinga kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka hiyo kazi.

Mimi ndiye niliyeanza kuitazama ile mistari. Jumapili moja tunapanda Kwale, nyingine tunakwenda Diani, nyingine Msambweni, nyingine tunaelekea Kinango. Safari nne mbalimbali, na zote zinateremka mteremko mmoja wa changarawe katika kijiji kinachoitwa Mwachipi. Kwa Kwale, sawa, naweza kukubali. Lakini Diani? Ukishavuka Feri, Diani ni lami moja kwa moja, hata mtoto mdogo ataiona. Wekesa yeye akifika Kombani anaiacha lami, anatupandisha mlima, anatuzungusha kwenye mashamba ya minazi na mikorosho, anatuteremsha Mwachipi, kisha anaturudisha kwenye lami ile ile huko Tiwi tukiwa tumejaa vumbi jekundu hadi kwenye nyusi.

"Wekesa, yakhe," nilimwambia, "Diani si hapa mbele tu?"

"Kule kuna kivuli," alinijibu.

Nilikitafuta hicho kivuli. Hakikuwapo. Mara nyingine alisema magari ni machache, mara nyingine mandhari ni nzuri. Siku tuliyokubaliana kwenda Mtwapa, ambayo iko kaskazini, tulijikuta tumepanda feri kwenda kusini, naye akasema kwamba darajani Nyali kuna upepo mkali. Hajra alicheka. Mimi sikucheka, kwa maana nilikuwa nimemwambia Lamis nitarudi na maembe ya Mtwapa.

Kilichonichanganya zaidi kilikuwa pale pale mteremkoni. Wenzetu wote huachia baiskeli zikaenda, kwa kuwa hiyo ndiyo raha pekee baada ya ule mlima. Wekesa hushika breki zote mbili kutoka juu hadi chini, polepole kama mtu aliyebeba mayai. Kwa kuwa mimi ni mzito na mwoga, tunateremka sisi wawili nyuma. Katikati ya mteremko kuna nyumba moja yenye ua wa makuti. Hapo husimama, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedeli, akauliza juu ya ua: "Habari za hapa?"

"Njema," sauti ya msichana hujibu kutoka ndani.

"Yule mtoto hajambo?"

"Hajambo."

Basi. Anaondoka, na uso wake si uso wa mtu aliyepewa habari njema. Nilipomuuliza ni mtoto gani, alisema, "Wa hapa." Siku ambazo hapakuwa na mtu uani aliwauliza wapita njia. Mama mmoja mwenye mzigo wa kuni alisema mtoto hajambo, ameolewa Lunga Lunga. Juma lililofuata mwenye kioski akasema hajambo, yuko shule, darasa la tano. Nilirudi kisiwani siku hiyo nikijiuliza ni mtoto gani huyo aliyeolewa na bado yuko darasa la tano, na kwa nini mtu wa reli amsumbukie.

Sasa, kuna jambo ambalo kila mtu wa pwani analijua. Ukiuliza habari umesimama, utajibiwa njema. Hata kama ndani kuna maiti, ni njema, maana hakuna anayemtwisha mpita njia mzigo. Habari yenyewe huja ukishakaribia, ukakaa, ukanywa chochote, na huanza kwa neno "ila". Nimeyajua haya tangu utotoni. Wekesa ameishi nasi miaka thelathini, nikadhani bado hajayajua. Siku hizi naona aliyajua vizuri kabisa, na ndiyo sababu hakushuka kwenye baiskeli.

Jumapili ya pili baada ya Idi nilipata pancha. Mwiba uliingia gurudumu la nyuma hatua kumi kutoka ule ua. Hajra na wengine walikwisha kufika chini.

"Tusukume mpaka Tiwi," Wekesa alisema.

"Nisukume nini? Mpira umelala." Niliipindua baiskeli juu chini, nikatoa kiraka na solusheni, nikakaa kwenye changarawe. Yeye hakukaa. Alikuwa akitazama ua, anatazama barabara, anatazama ua.

"Hapa niliwahi kuanguka," alisema mwishowe. "Miaka sita sasa. Nilikuwa nateremka bila kushika breki."

Ningemtania, fundi wa breki asiyeshika breki, lakini sauti yake haikuniruhusu.

"Nafikiri niligonga mtoto," alisema.

"Unafikiri?"

"Nakumbuka dumu la njano, na mtoto amelibeba kichwani. Halafu nakumbuka pikapu, halafu hospitali, mtulinga wa bega hili umevunjika. Katikati pamevurugika. Yule mwenye pikapu alisema aliniokota peke yangu. Pengine hakukuwa na mtoto, Ghulam. Pengine ni kichwa tu kiligonga mawe."

"Na kama alikuwapo?"

"Kila nikiuliza naambiwa hajambo."

Nilibaki na tyubu mkononi, sijui nimpe pole au nimtukane. Mwaka mzima amenipandisha ule mlima kwa shida yake mwenyewe na hajanidokezea hata neno. Wakati huo huo nilimhurumia. Na tena, sijui kwa nini, sikuamini sana huko kuvurugika kwa katikati. Dumu amelikumbuka hadi rangi yake.

"Mwafanya kazi juani na nyumba ipo?" Bibi kizee alikuwa amesimama penye mlango wa ua, kanga kichwani. "Karibuni mkae."

"Tumekaribia, bibi," nilisema.

Wekesa alinishika mkono wa shati. "Tutachelewa."

"Tutachelewa wapi?" nilimuuliza, nami kweli nilitaka kujua. Niliingia. Yeye alisimama na baiskeli yake muda mrefu, kisha akaiegemeza kwenye ua, akainama chini ya makuti, akaingia pia.

Tulimwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba, tukapewa mkeka. Upande wa pili wa ua msichana alikuwa amekaa akisuka ukili wa mkeka, akatuamkia bila kuinuka. Niliijua sauti yake. Chai ikaja, na muhogo wa nazi. Niliuliza habari za nyumbani, zikawa njema. Za shamba njema, za majirani njema. Wekesa hakugusa muhogo. Sikufanya haraka. Nilikula, nikausifu muhogo, nao ulistahili, kisha nikaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo, bibi, nyote wazima?"

"Wazima, alhamdulillahi," alisema. "Ila huyu mjukuu wangu, Mbodze. Mguu ndio unaomtaabisha."

Msichana aliweka ukili chini akainuka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kulia, na wayo umegeukia ndani. Alikuwa na umri kama wa miaka kumi na sita. Alitujia kwa mwendo wa kuchechemea aliokwisha kuuzoea, akasimama karibu na bibi yake.

"Baiskeli ilimgonga akiwa na miaka kumi, atoka kuteka maji," bibi aliendelea. "Ilimtupa ng'ambo ya mtaro, kwenye majani marefu. Nilimtafuta mpaka alasiri ndipo nikamwona. Daktari alisema lau angeletwa asubuhi, mguu ungeungwa ukanyooka. Na homa ilimshika, ikawa aweweseka. Yeye husema mwenye baiskeli alipandishwa pikapu akamwacha pale. Nikamwambia, mjukuu wangu, binadamu hafanyi hivyo. Ni homa hiyo, umeota."

Wekesa alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili.

"Wewe ndiwe uulizaye kila Jumapili," Mbodze alimwambia.

"Ni mimi."

"Nami nakujibu hajambo. Hushuki. Ningekwambia nini tena?" Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo aliificha. "Nataka kukuuliza jambo moja, baba."

"Uliza."

"Yule wa pikapu alikuuliza mko wangapi. Mimi nilikuwa nasikia, sauti yangu ndiyo haikutoka. Ulimjibu nini?"

Nilijua Wekesa atasema hakumbuki. Neno lilikuwa tayari, alikwisha kulisema kwangu pale nje, na nani angembishia? Tena naona haya kulisema, lakini nilitamani alitamke, tunywe chai yetu tumalize, tushike njia. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba sikujua niko upande wa nani.

Wekesa aliweka kikombe chini.

"Nilimwambia niko peke yangu," alisema. Alikuwa akimtazama yeye, si bibi wala mimi. "Na nilikuwa nimekuona. Niliuona mguu wako kwenye majani. Nilidhani umekufa, nikaogopa."

Bibi alijifunika mdomo kwa ncha ya kanga. Mimi niliinamisha kichwa. Nilimngoja msichana alie, au amfukuze, au amrushie kile kikombe, na lolote kati ya hayo ningelielewa.

Hakufanya hata moja. Alivuta pumzi ndefu, akamgeukia bibi yake, akapiga magoti kwa taabu mpaka nyuso zao zikawa sawa.

"Umesikia, bibi?" alisema. "Sikuota."