Pini Mdomoni

Maji ya kijijini kwetu Meru, juu ya Usa River, yana madini yanayotia meno ya mtoto rangi ya kahawia, na rangi hiyo haitoki kwa mswaki wala kwa mkaa. Nyumbani sikuwahi kulifikiria jambo hilo, maana sote tulikuwa hivyo: wazazi, majirani, hata mchungaji wetu. Nililijua nilipokuja Arusha mjini kujifunza ushonaji. Chuo kilitaka picha ya pasipoti, nikaingia studio moja iliyojaa watu, nikakaa kwenye stuli, nikatabasamu. Mpiga picha akashusha kamera.

"Dada, funga mdomo. Hayo meno yataharibu picha."

Waliokuwa kwenye foleni wakacheka. Sidhani kama alikusudia ubaya. Alikuwa na haraka zake. Lakini tangu siku ile sikucheka tena mbele ya kamera.

Miaka ikapita, nikafungua duka la kushona Moshono. Kazi yangu kubwa ilikuwa magauni ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kwao kabla ya harusi. Nilikuwa fundi mzuri. Tatizo ni kwamba wateja wa siku hizi humtafuta fundi kwenye simu kabla ya kumtafuta mtaani, na mimi kamera ikielekezwa kwangu nilikuwa nageuza uso. Basi nikamchukua binti wa mama yangu mdogo, aliyekulia Morogoro, meno meupe, maneno matamu. Mimi nashona, yeye anavaa, anasimama mbele ya simu na kusema, "Karibuni dukani kwetu Moshono."

Watu wakaanza kuandika chini ya video: fundi, mikono yako ibarikiwe, fundi, na uzuri wote huo! Mdogo wangu alikuwa akinisomea kwa aibu.

"Dada, wanadhani ni mimi ninayeshona. Niwaambie? Au tuonyeshe hata mikono yako tu, ukiwa kwenye cherehani."

"Waache. Wanakuja kuvaa gauni, hawaji kumvaa fundi."

Tukacheka, yakaisha. Wateja wakaongezeka, na kila aliyeingia alimuulizia yeye. Namkumbuka mama mmoja aliyemleta binti yake kutoka Themi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akauliza, "Mwenye duka yupo, mwanangu?"

"Ametoka kidogo, mama. Ila vipimo nachukua mimi."

Nilijibu huku nimebana pini kwa midomo. Fundi mwenye pini mdomoni hakuna anayemtaka acheke, nami nilizibana hata wakati sikuwa na kitu cha kubandika.

Kisha mdogo wangu akapata mchumba wa Moshi. Gauni lake la sendofu nililishona kwa moyo wangu wote, zambarau iliyokolea, shanga za kifuani nikizipachika moja moja. Ukumbini mshereheshaji akamsimamisha, akatangaza kwamba bibi harusi wetu ni fundi na gauni lile kajishonea mwenyewe. Vigelegele vikapigwa. Yeye akaomba kipaza sauti.

"Jamani, si mimi. Magauni yote mnayoyaona kwenye simu anashona dada yangu. Yuko pale. Dada, naomba usimame watu wakuone."

Taa ya mpiga video ikageuka, ikaanza kupita juu ya meza za ndugu. Nilikuwa na muda wa kutosha kusimama. Badala yake nikainama kana kwamba natafuta kiatu chini ya meza, kisha nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikajikuta kati ya wapishi na masufuria ya pilau. Nilimsikia akiniita tena. Halafu nikamsikia mshereheshaji: "Mnaona bibi harusi wetu alivyo mnyenyekevu? Hataki hata sifa zake!" Ukumbi mzima ukapiga makofi, muziki ukawashwa.

Alikuwa amenipa kilicho changu mbele ya ukoo mzima, nami nikamwacha amesimama peke yake.

Alipohamia Moshi wateja walimfuata huko. Alinipigia kabla ya kufanya lolote.

"Dada, wananiandikia kila siku. Nikiwakatalia wanasema naringa. Nifanyeje?"

"Fungua duka, mdogo wangu. Tafuta mafundi."

Nilimaanisha. Hakunikosea kitu. Lakini baada ya hapo kila nikiona jina lake kwenye simu nilikuwa nakumbuka ukumbi ule, nikawa namjibu kwa ujumbe mfupi tu, mpaka naye akachoka kupiga. Siku hizi tunasalimiana misibani.

Duka likapoa. Nikaanza kujirekodi kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Kwanza mikono, baadaye sauti, na asubuhi moja nikaegemeza simu kwenye boksi la nyuzi nikasema kwamba mimi ndiye fundi. Nilifuta, nikarudia, nikafuta tena. Mwisho nikaiweka video mtandaoni bila kuiangalia. Mtu akaandika, "Meno vipi hayo?" Mwingine akamjibu, "Hayo ni maji ya kwetu Meru. Kama huyajui, nyamaza." Nilicheka peke yangu dukani. Kumbe lilikuwa jambo dogo kiasi hicho.

Wateja wakarudi taratibu. Kati yao akaja mwanamke aliyetaka gauni lake la sendofu lipanuliwe, maana alikuwa ametoka kujifungua. Gauni nililikumbuka, yeye sikumkumbuka. Alipofungua mdomo nikaona meno kama yangu.

"Kumbe ni wewe uliyenipima siku ile?"

"Ni mimi."

"Sasa mbona hukusema hata neno? Mimi nilikuwa naogopa kucheka humu ndani. Nilijua duka ni la yule dada mwenye meno meupe."

Akanionyesha picha za sendofu yake. Anakata keki, mdomo umefungwa. Anamlisha mchumba wake, umefungwa. Mama yake, yule wa Themi, anamkumbatia huku machozi yanamtoka, naye midomo kaibana kama mtu anayezuia kikohozi. Nikachukua tepu, nikaanza kumpima upya.

Alipokuja kulijaribu gauni nilimwomba nimpige picha. Alicheka vizuri sana, nami nikacheka naye.

"Usiiweke mtandaoni, dada," akasema. "Mimi bado."

Sikuiweka. Nilimtumia yeye tu, kisha nikamsindikiza mpaka barabarani.