Mswala wa Mama Juu ya Kabati

Mniwie radhi kwa mwandiko huu, na kwa herufi nitakazozikosea. Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, nafuta, narudia. Kusema mbele za watu ndiyo siwezi kabisa, hata dukani huwa nasubiri wenzangu waishe. Kwa hiyo nimeona niandike.

Tunaishi Mtoni, katika nyumba aliyoiacha marehemu baba. Tuko wanawake watatu: mama, mie, na shangazi yangu, dada yake baba. Mama anapika vitumbua na mie namsaidia. Mwezi wa Ramadhani tunauza jioni, watu wakitafuta futari.

Ramadhani ile, mchana, nilisikia harufu ya chai ya tangawizi ikitoka chumbani kwa mama. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilibisha, akachelewa kuitika, halafu akatoka anafuta mdomo na upande wa kanga.

"Unataka nini?"

"Nilitaka kuuliza kama tuloweke mchele."

"Si uloweke tu? Mpaka uambiwe?"

Nilipochungulia nyuma yake, niliuona mswala wake umekunjwa, umewekwa juu ya kabati.

Katika nyumba ya wanawake, mmoja akiacha kusali na kufunga kwa siku chache hakuna anayeuliza. Mswala unakunjwa, na kila mtu anaelewa. Lakini mama alishakoma hedhi miaka mingi nyuma. Alitutangazia mwenyewe akicheka, akasema sasa amestaafu, atafunga mwezi mzima bila kukatisha. Na tangu hapo alifunga kweli. Sasa ile chai ilikuwa ya nani?

Nikaanza kumchunguza. Nilimwona anafua peke yake, yeye ambaye nguo zote hunirushia mie. Aanikapo, anatanguliza vipande vya kanga kuukuu kwenye kamba, kisha anavifunika kwa doti kubwa. Niliwaza mambo ambayo mtoto hapaswi kuyawaza juu ya mama yake. Niliwaza labda ana mwanaume. Niliwaza labda alishika mimba uzeeni na imeharibika. Niligeuza ile doti siku moja, nikaviona vile vipande. Doa la damu halikuwa limetoka vizuri.

Shangazi alikuwa anajua. Nililigundua hilo siku walipokuwa wanamenya mihogo uani, mie niko jikoni.

"Wifi, umerudia usichana," shangazi alisema. "Tukutafutie mchumba?"

"Jitafutie na wewe wako kwanza."

"Mie nani atanitaka na miguu hii? Wewe mwili huo, unavyong'aa! Lakini inatoka bado?"

"Inatoka. Inakata siku mbili, inarudi."

"Ndiyo dawa inafanya kazi. Mwenye dawa si kasema uchafu wote utashuka? Maliza chupa."

Hapo nikaelewa kuna chupa. Na nilimfahamu mwenye chupa: mwanamke anayepita mitaani na kikapu, anauza dawa za majani kwenye chupa za maji, anasema zinasafisha kizazi. Shangazi ndiye aliyemleta. Tangu siku hiyo sikumwamini mwenye dawa, na sikumwamini shangazi. Chai akinimiminia yeye, nainusa kwanza.

Niliona pia kwamba damu ilitangulia dawa. Vile vitambaa vilikuwa kwenye kamba kabla sijawahi kumwona yule mwanamke mlangoni kwetu. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kingine ndani ya mwili wa mama, na mama na shangazi walikuwa wanakishangilia.

Nilijikaza, nikamwambia mama twende hospitali. Sikumtazama usoni.

"Nani kakwambia naumwa? Unanipekua?"

"Hapana, mama."

"Mie nilishapimwa kizazi kule kliniki, nikaambiwa niko salama. Wakinishika tena watakitoa. Nyamaza."

Nikarudi jikoni. Lakini kila alasiri akina mama wa mtaani kwetu hukaa darsa kwa mwalimu mwanamke, tunamwita ustadha. Mama anaweza kumbishia daktari, ustadha hambishii. Nikapeleka vitumbua vya futari kwake, nikasimama nyuma ya pazia la mlango, nikaulizia hapo hapo.

"Ustadha, mtu aliyekoma, damu ikirudi, anaacha kusali?"

"Ni wewe?"

"Hapana. Ni mtu."

"Inakuja vipi?"

Nikamwambia. Mkono wake ukatokeza pembeni ya pazia, ukachukua sahani.

"Vitumbua nimepokea," alisema. "Nenda."

Kesho yake darsani alifungua kitabu kwenye mlango wa damu za wanawake. Hakumtazama mtu. Alisema hedhi ina mpaka wake, na damu iliyopita mpaka huo si hedhi, ni ya ugonjwa. Mwenye nayo anajisafisha, anasali, na kufunga kama afya inamruhusu. Halafu akasema, "Na ugonjwa hautibiwi kwa kukunja mswala. Ugonjwa unapelekwa hospitali. Mtu mzima aliyekoma, hata akiona tone moja, asingoje la pili."

Mama alikuwa mbele yangu. Niliona shingo yake imekaza.

Njiani alisema, "Wifi yangu ana mdomo mrefu." Nikaacha ashuku hivyo. Lakini nyumbani alishusha mswala, akaukung'uta, akasali, akakaa juu yake muda mrefu baada ya kutoa salamu. Kisha akaniita. "Kesho unisindikize. Vitumbua tusipike."

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo. Alimuuliza kuhusu kisukari, na mama anacho. Presha pia anayo. Akampima uzito. Watu wote mtaani humsifu mama kwa kunenepa, wanasema amenawiri, lakini daktari alisema mwanamke akishakoma, mafuta mengi mwilini yanaendelea kuuchochea ukuta wa ndani wa kizazi, na kisukari kinaongeza hatari.

"Lakini nilipimwa," mama alisema.

"Kile kipimo kinaangalia mlango wa kizazi, mama yangu. Huku ndani hakikufika."

Alipigwa utrasaundi, kisha wakachukua kinyama kidogo cha ndani kwenda maabara. Mama alilia kwa maumivu, akaniminya mkono. Daktari akauliza kama kuna ndugu wa damu aliyeugua saratani ya kizazi au ya utumbo.

"Hakuna," mama alijibu upesi mno.

Majibu yalitoka: saratani, lakini haijavuka ukuta wa kizazi. Walikitoa kile kizazi alichokuwa anakilinda. Sasa anahudhuria kliniki, vitumbua anakula kimoja, na jioni tunatembea hadi barabara ya Kilwa na kurudi. Shangazi anatufuata nyuma akilalamika miguu. Chupa za dawa alizimwaga mwenyewe chooni, na chai yake siinusi tena.

Ila lile "hakuna" halikunitoka. Wakati kidonda kinapona nilimuuliza mama juu ya dada yake mkubwa aliyefariki Lindi. Siku zote tuliambiwa alikufa kwa tumbo.

"Tumbo gani, mama?"

Aligeukia ukutani. "Alikuwa anatokwa damu. Tulimficha, tukiona ni aibu."

Nikarudi naye kwa daktari, na safari hii alisema ukweli. Daktari akaandika, akanitazama na mie, akasema ugonjwa huu huweza kufuata ukoo, kwa hiyo niwe najua habari hizi umri ukisogea, na nisizione aibu.

Sasa nikisikia mtu kafa kwa tumbo, siamini mpaka nijue ni tumbo gani. Wewe unayesoma, mtazame mama yako, na shangazi, na bibi. Kama kwenu kuna mswala uliokunjwa kwa mtu aliyekwisha koma, au msiba wa tumbo ambao hakuna aliyeuelezea, uliza. Kisha niandikie uliuliza vipi, na ulijibiwa nini. Mwandiko wako ukiwa mbaya kama wangu, nitausoma. Mie mwenyewe nasoma polepole.